Udongo Mweusi Niliomnyang'anya Hadija

Mke wa mjukuu wangu anaitwa Neema. Wiki hii alirudi kutoka sokoni, hapa Singida mjini, amebeba mfuko wa udongo. Ameununua. Nilidhani masikio yamenichezea, nikamwuliza tena, naye akasema, "Ndiyo, bibi, udongo wa maua. Umeshachanganywa na samadi." Nikamwambia auweke chini niuone. Nyinyi wenzangu wa umri wangu mtanielewa: sisi tumelala juu ya udongo, tumeujengea nyumba, tumeugombania, lakini hatukuwahi kuufunga kwenye mfuko tukaupeleka sokoni kama chumvi.

Niliingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Ulikuwa wa baridi, mwepesi, unanuka zizi la zamani na majani yaliyooza. Nikaufumbata, nikafungua kiganja, ukabaki donge. Nikaligusa lile donge kwa kidole, likaachia lote. Hapo nikasikia sauti ya dada yangu Hadija, ambaye tumemzika mvua zilizopita: "Huu hauna ubishi." Ndivyo alivyokuwa akisema juu ya udongo mzuri. Neema akaniuliza, "Bibi, unalia nini?" Nikamwambia ni vumbi. Udongo wenyewe ulikuwa mbichi, hauna vumbi hata chembe, na yeye si mjinga. Akaniacha.

Hadija hakuwa wa tumbo moja na mimi. Baba yetu, mzee Ntandu, alikuwa na wake wawili. Mama yangu, Mwanaidi, ndiye mkubwa. Mama yake Hadija, Zaina, alikuja baadaye kutoka Ulemo, kwa Wanyiramba, na mimi nilimwita mama mdogo. Tulizaliwa mwaka mmoja, mimi mwanzoni mwa mvua, yeye mwishoni, kwa hiyo nilimzidi kwa muda wa uwele kuota mpaka kuvunwa. Ule muda niliushikilia sana. Zilikuwa enzi za Mwingereza, lakini Mwingereza mwenyewe sisi watoto tulimjua kwa kofia tu, ikipita mbali barabarani.

Kwetu Unyaturu kila mke ana nyumba yake, mashamba yake na ghala lake, lakini zizi ni moja na ng'ombe ni wa mume. Na ng'ombe si maziwa tu. Ng'ombe ni samadi. Sehemu kubwa ya nchi yetu ni mchanga, na mchanga haushiki maji wala chakula. Bila samadi uwele hutoka mwembamba kama ndevu za mbuzi. Kila kiangazi tulichimba zizi, tukabeba samadi kavu kwenye vikapu kwenda mashambani, na baba ndiye aliyesema kikapu hiki kiende kwa nani. Sasa fikiria wanawake wawili wanagawiwa mavi ya ng'ombe na mwanamume mmoja. Mtu wa mjini atacheka. Mama yangu hakuwahi kucheka. Alikaa mlangoni akichambua mlenda, macho kwenye zizi, midomo inahesabu.

"Kumi na saba kwa Zaina," aliniambia. "Sisi kumi na nne. Na vyetu havikujaa."

Vile vikapu nilivibeba mimi. Shingo iliniuma siku mbili, najua vilijaa. Lakini mama akisema havikujaa, na mimi nikivikumbuka nilikuwa naviona vimepungua. Wivu nilifundishwa hivyo, taratibu, kama mtoto wa kike anavyofundishwa kusaga. Hakuna anayekukalisha chini akakwambia leo tunaanza.

Mwaka mmoja akapita mjumbe wa mtemi, akasema kila boma lenye wasichana litoe mmoja aende shule. Mmoja, si zaidi. Majirani wengine waliwaficha binti zao. Kwetu ikawa kinyume. Mama alikuwa na kaka yake, mjomba Kinku, aliyekwenda kukata mkonge Tanga. Kila alipotuma barua, mama ilimbidi aipeleke kwa karani wa baraza, na karani aliisoma kwa sauti, waliokaa kungojea mashauri yao wote wanasikia. Siku moja mjomba aliandika kwamba mkewe amemkimbia. Kabla mama hajafika nyumbani habari ilikuwa imeshafika kisimani. Aliingia ndani akalala bila kula, na asubuhi akasema anataka msomaji wa tumbo lake mwenyewe. Mama mdogo Zaina naye alitaka mwanawe aende. Hakutoa sababu, na mama akasema sababu ni kwamba sisi tumetaka.

Baba hakupenda kelele. Wakati ule bwana shamba, Elieza, alikuwa akipita na baiskeli kufundisha watu matuta, na alikuwa amemwachia baba mbegu za karanga. Karanga ilikuwa haijawahi kupandwa nyumbani kwetu. Jioni moja baba akatuita uani wote, wake wawili na sisi wasichana wawili, akaweka mbele yetu vilindo viwili vipya vya gome la mti, vya kuwekea nafaka, alivyoletewa na warina asali wa Itigi, kila kimoja kinanifika kiunoni.

"Nyumba mbili mnanivuta huku na huku kama ngozi mbichi," akasema. "Mimi sitachagua mtoto. Udongo utachagua. Mariamu atalima karanga, Hadija atalima karanga. Atakayeweka nyingi kwenye kilindo ndiye atakayekwenda shule. Mama zao wasiguse jembe. Na mimi sitakanyaga huko, mtu asije akasema nimemlimia mmoja. Mtaniletea hapa uani."

Kisha akagawa vipande. Mimi akanipa juu, nyuma ya mawe makubwa, kwenye kichanga chekundu. Hadija akampa chini, pembeni mwa mbuga, kule bondeni kwenye udongo mweusi.

Mama alingoja tuingie ndani. "Umeona?" akasema. "Mtoto wa nyumba kubwa anapewa mchanga wa kuchezea."

Mama alizaliwa mbugani, upande wa Sepuka, na kwao walilima mtama. Mwaka wa njaa, uwele wetu wa juu ulipokauka, mtama wa mbugani ulisimama, na ndio uliotuvusha. Kwake udongo mzuri ulikuwa mweusi, basi. Na mimi katika akili yangu nilikuwa nimejitengenezea hesabu: udongo mweusi ni mweusi kwa sababu umeshiba, wa kwetu umepauka kwa sababu una njaa. Nikamwona baba amemshika Hadija mkono amempeleka kwenye meza ya walioshiba. Nililala nimeuma shuka.

Siku ya tatu nilimkuta Hadija kisimani anateka maji. Nikajitwisha kibuyu changu, kisha nikakitua tena.

"Hadija, umeshakwenda kule shambani kwako?"

"Bado."

"Usiende peke yako. Kuna chatu. Nimemwona kwenye ufa, amejiviringisha, mnene hivi." Nikaonyesha paja.

"Chatu anakaa mbugani?"

"Anakaa. Kuna baridi."

Akanitazama. Alikuwa na macho ya kutulia, hata mtoto mchanga hakulia akitazamwa nayo. "Sasa nitalimaje?"

"Chukua langu, mimi nichukue lako. Mimi siogopi. Na mimi ni mkubwa wako."

"Mkubwa wangu kwa kipindi gani?"

"Tangu uwele unaota mpaka unavunwa."

Akacheka kidogo. "Haya, dada mkubwa. Chukua."

Nilishangaa ilivyokuwa rahisi. Nilipomwambia mama kwamba tumebadilishana, sikumweleza habari za chatu, naye hakuuliza. Alichukua bakuli akanimiminia maziwa ya mgando mpaka juu, akakaa ananitazama nikinywa. Mama mdogo Zaina aliposikia, alimwuliza Hadija kama ni kweli, Hadija akasema ni kweli, sisi wenyewe tumekubaliana. Yakaishia hapo. Baba hakujua, kwa sababu alikuwa ameshasema hatakanyaga huko.

Mvua zikaanza, na ule udongo niliouonea wivu ukaanza kunionyesha tabia zake. Jembe likiingia halitoki. Likitoka linakuja na donge kubwa kama kichwa cha ndama. Miguu inavaa viatu vya tope, unapiga hatua tatu unakuwa mrefu, ya nne viatu vinakuvuka. Nilipanda, ikanyesha kubwa, maji yakasimama juu ya shamba siku nne yakinitazama, mbegu zikaoza. Nikapanda tena. Likawaka jua, juu ya udongo kukawa na ukoko, na miche ikausukuma ule ukoko kwa chini kama watu waliofungiwa ndani. Nilipita mstari kwa mstari nikiuvunja kwa kidole. Kucha zilinitoka.

Hadija kule juu alilima akiimba. Nilimsikia. Jembe kwenye kichanga halina sauti, linaingia kama mkono kwenye unga. Mvua ikinyesha asubuhi, adhuhuri huoni hata kidimbwi, maji yote yameshashuka, mizizi inapumua. Mbegu zake ziliota siku moja zote, zimejipanga. Nilipoziona nilipata homa ya kweli, mama akanichemshia mizizi.

Halafu mvua zikakatika. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mchanga haukuwa na akiba. Jua likiwa katikati, majani ya karanga za Hadija yalijikunja kama mikono inayoomba. Yangu yalisimama, kijani kizito, kwa sababu mbuga ilikuwa imeyanywa maji yale ya siku nne na kuyaficha. Kila adhuhuri nilipanda mpaka kwenye yale mawe, nikajibanza, nikaangalia mimea ya dada yangu ikisinyaa. Sikumletea maji. Sikumwambia kitu. Nilikaa pale na njaa yangu mpaka kivuli kigeuke, halafu nikashuka. Nimezaa watoto saba, nimeshika wajukuu, lakini furaha ya namna ile, yenye ladha ya chuma mdomoni, sijaipata tena, na namshukuru Mungu sijaipata.

Mvua ziliporudi, karanga za Hadija ziliamka jioni ileile. Za kwangu zilikuwa tayari zinatoa maua, ya manjano, mazuri. Mimi nilijua ua likiwa zuri tunda litakuwa zuri. Siku moja nikiwa napalilia, mama mdogo Zaina akapita na mzigo wa kuni. Akasimama.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Majani yako yamependeza." Akatua kuni, akachuchumaa, akafunua majani ya mmea mmoja. "Njoo uone. Kwetu Ulemo tumezilima hizi. Ua la karanga likinyauka linatoa hiki kijiti, kama sindano. Kinatafuta chini. Kikiingia kwenye udongo ndipo ncha inavimba kuwa karanga. Sasa gusa hapa." Akanishika kidole akakibonyeza ardhini. Palikuwa pagumu kama sakafu iliyosakafiwa. "Hiki hakitoboi hapa. Kitakauka juu juu. Nenda korongoni, lete mchanga, ulundike kwenye shina kila mmea. Vikapu vichache tu. Fanya leo, kesho utakuwa umechelewa."

Nikasema ndiyo, mama mdogo. Alipoondoka nikakimbia kwa mama.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Ulundikie mchanga juu ya karanga zako," akasema. "Azike mtoto wangu mazao akiwa hai. Na kama hiyo ndiyo dawa, kwa nini hampi mwanawe?"

Tukacheka sana, mimi na mama. Hatukufikiri, hata kidogo, kwamba mwanawe alikuwa ameshasimama juu ya mchanga huo. Sikwenda korongoni. Yule mama alikuwa amenipa njia ya kumshinda mtoto wake mwenyewe, na mimi nilimwona mchawi.

Wakati wa kuvuna ukafika. Mvua zilikuwa zimeisha, upepo wetu wa Singida umeanza. Nilipita kwanza juu, nikamwona Hadija. Alikuwa anashika shina kwa mkono mmoja, anavuta, na mmea wote unakuja na karanga zimening'inia kama watoto wa nguruwe kwenye mama yao, safi, mchanga unapukutika wenyewe. Alikung'uta mara moja, akaweka. Alikung'uta, akaweka. Nikashuka mbio kwangu.

Nikashika shina, nikavuta. Likakatika. Nikashika la pili, likakatika. Udongo ulikuwa umekauka ukapasuka nyufa za kuingia mkono mzima, na kati ya ufa na ufa kulikuwa na tofali. Nikachimba kwa jembe, nikatoa mabonge, nikayaponda kwa kisigino cha jembe, na karanga chache zilizokuwemo nikazipasua humohumo. Juu ya ardhi nikaona zile sindano alizonionyesha mama mdogo, mamia, zimekauka zinaelekea chini, hazikufika. Majani yalikuwa mengi. Mbuzi wa jirani wangeshiba. Nilifanya kazi siku tatu na nilichopata kilifunika kitako cha kilindo tu. Mama aliingiza mkono, akagusa chini, akautoa.

Tukapeleka uani. Kilindo cha Hadija kilikuwa na kilima juu, nyingine zinaanguka. Baba alitazama kile, akatazama changu, akakunja uso kama mtu aliyeonjeshwa kitu asichokitegemea.

"Basi," akasema taratibu. "Hadija ndiye atakayekwenda."

Mama aligeuza uso ukutani. Mimi nikaona barua za mjomba Kinku zikisomwa na Hadija, mama amekaa chini, Hadija juu ya kigoda. Hapo Hadija akasimama.

"Baba, shamba lililojaza kilindo hiki si langu. Ulimpa Mariamu kichanga, mimi ukanipa mbuga. Tulibadilishana kabla ya mvua."

Kuku waliokuwa wanadonoa karanga walisikika. Baba akasema, "Nani aliyetaka kubadilisha?"

Hadija akanitazama kwa yale macho yake. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayekushikia mlango. Halafu akasema, "Tulibadilishana."

"Mariamu?"

Nilijua anachouliza. Neno chatu lilikuwa mdomoni, kwenye ulimi hasa, nalikumbuka lilivyokuwa zito. Nikamtazama mama mgongo.

"Tulibadilishana, baba," nikasema.

Baba akavuta pumzi. Kisha akamgeukia mama, akasema kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia. "Mwanaidi, kichanga nilikupa kwa makusudi. Elieza aliniambia karanga haitaki udongo unaobana. Nikakupa wewe pazuri, nikanyamaza, nikajua utaona. Wewe umekwenda kukitupa."

Aliyejibu ni mama mdogo Zaina, alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa. "Kumbe ulikuwa umeshachagua," akasema. Hakupandisha sauti. "Ulitwambia udongo ndio utakaochagua."

Baba akatazama chini. Alikuwa mtu mzuri, baba yangu, nasema hivi na leo, lakini kukamatwa hadharani hakukuweza. "Shamba la Mariamu ndilo lililojaza," akasema. "Mariamu atakwenda."

"Na mkono uliolima?" akauliza Zaina.

"Nimeshasema."

Zaina akainuka, akaanza kuokota karanga zilizoanguka, moja moja, akizitia kwenye upindo wa kanga yake. Hadija akainama kumsaidia. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya uwanja, nimeshinda.

Nikaenda shule. Benchi letu tulikuwa wanne: Elizabeti, Tausi, Sara na mimi. Nikajua a, e, i, o, u, nikajua kujumlisha, nikajua kuandika jina langu kwa mkunjo wa mwisho kama mkia wa mbwa. Niliporudi likizo ya kwanza kulikuwa na barua ya mjomba. Mama akafunga mlango, akakaa chini, nikamsomea, herufi kwa herufi, jua lilizama sijamaliza. Mjomba alikuwa anauliza hali ya ng'ombe tu. Mama akalia kama amepewa ufalme. Hilo silijutii, na sitalijutia.

Lakini kumbukeni nilikuwa mtoto wa wivu, na wivu haushibi kwa kupewa. Nilidhani Hadija atanuna, atanililia, nipate kumhurumia. Hakununa. Baba alimwachia kile kichanga, nadhani kwa haya, na yeye akakihamia kwa mikono yote miwili. Alibeba samadi bila kuhesabu vikapu. Alikuwa akiokota udongo wa kila mahali anapopita, anaumiminia maji kidogo, anauviringisha kati ya viganja: ukitoa uzi mrefu usiokatika, anasema huu wa mtama, ukikatika vipande, wa maharage na kunde, ukikataa kabisa kuviringika, wa karanga na viazi, na uwele kama una ng'ombe. Watu wakaanza kuja. Mwanzo majirani, halafu wa vijiji vya mbali, wamefunga udongo kwenye majani kama dawa. Elieza mwenyewe, na baiskeli yake, nilimkuta amechuchumaa uani kwetu anamsikiliza msichana asiyejua kusoma. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule na daftari kwapani. Hakuna aliyeuliza daftari lina nini.

Nilisoma miaka miwili. Mama akavimba miguu, nikarudishwa nyumbani kumpikia, kisha nikaolewa, kusoma kukaishia hapo. Nilijua kuandika neno udongo, lakini aliyeujua ni Hadija. Nikakaa na mwiba huo miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu.

Nilimwambia tukiwa wazee, wote tuna wajukuu. Nilikuwa nimekwenda kumsalimu wakati wa mavuno, nikamkuta kwenye kiwanja anapepeta uwele, makapi yanaruka kuelekea magharibi. Nikachukua ungo wa pili, nikasimama upande wake. Baada ya muda nikasema, "Hadija, nina neno la zamani."

"Sema."

"Kule mbugani hakukuwa na chatu."

Hakusimamisha ungo. "Najua. Nilijua palepale kisimani. Wewe ukidanganya unameza mate kwanza, tangu mdogo."

"Sasa mbona ulikubali?"

Hapo akasimama, akacheka mpaka akafuta macho kwa upande wa kiganja. "Mama alikuwa ameshaniambia karanga haitaki udongo mzito. Siku tatu nzima nilikuwa naumwa roho kwa kupewa mbuga, nakuonea wivu wewe na kichanga chako, nakuona umependelewa. Halafu wewe unakuja mwenyewe, na chatu wako mnene hivi, unanipa. Nikasema huyu dada yangu ana nini." Akachota uwele mwingine. "Lakini kilindo kilipojaa nikashindwa kukitazama. Niliona nimekuibia. Ndiyo maana nikasimama nikamwambia baba."

Miaka yote ile nilidhani alisema kwa sababu hakuwa na doa, na nilimchukia kidogo kwa kutokuwa na doa. Kumbe alikuwa mwizi kama mimi, wivu wake sawa na wangu, siku moja, kisima kimoja. Tofauti ni kwamba yeye alirudisha. Niwaambie ukweli, nilimwonea wivu kwa hilo kuliko kwa kichanga, na nilikuwa na mvi kichwa kizima.

"Mbona hukumwambia baba habari za chatu?" nikauliza.

"Hiyo ilikuwa ya kwako kusema. Nilikungoja."

"Siku ile pale uani?"

"Pale uani. Na asubuhi ulipokuwa unaondoka kwenda shule. Na uliporudi likizo. Halafu nikachoka kungoja, nikaenda kulima."

Akaniongezea uwele kwenye ungo wangu, akausawazisha kwa mkono. "Pepeta, dada," akasema. "Upepo ndio huu, jioni utakuwa umekwisha."